Mtoto Asome Nini? Maneno kwa Wazazi Tulioko Ughaibuni



Januari iliyopita, Jumamosi moja ya baridi kali, kijana wa jamaa yangu alikuja nyumbani kwangu hapa Eden Prairie. Alivua viatu mlangoni, akasema "Shikamoo mjomba," akakaa. Nikajua kuna jambo, maana vijana wa siku hizi hawaji kwa mjomba bila sababu wakati simu ipo. Chai ikaletwa, akainywa yote kimya. Mwishowe akatoa barua ya chuo chake. Ilisema amesimamishiwa msaada wa fedha za masomo kwa kuwa maendeleo yake hayaridhishi. Lugha ya chuo kule nyumbani tungesema kijana anaelekea kudisko.

Alikuwa kwenye njia ya uuguzi. Anatomia na fiziolojia ilikuwa imemshinda mara mbili. Wazazi wake wote wawili wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee, zamu juu ya zamu, na walichokuwa wanajua ni kwamba mtoto amebakiza kidogo tu aingie darasa lenyewe la uuguzi. Mwaka mzima na nusu alikuwa anawaambia masomo yanakwenda vizuri. Nilimwuliza swali moja: uuguzi ulichagua wewe, au nani? Akafikiri kidogo, akasema, "Sijui mjomba. Ulikuwepo tu."

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Nimefundisha vyuo vya huku zaidi ya miaka ishirini, na sehemu ya kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi kuhusu kozi za kuchukua. Watoto wetu wa Afrika Mashariki wanaokuja ofisini wakiwa wamekwama hawana upungufu wa akili. Wengi wao kozi waliyonayo "ilikuwepo tu", kama kabati la urithi. Kwa hiyo nimeona niandike ninachokijua kuhusu jambo hili, hasa kwa sisi wazazi, kwa sababu sisi ndio tulioliweka lile kabati sebuleni.

Kwanza tujitazame wenyewe. Sisi tuliosoma Tanzania tulichaguliwa zaidi kuliko tulivyochagua. Ukimaliza kidato cha nne, matokeo yanatoka, majina yanabandikwa, na kwenye jina lako kuna herufi tatu: PCB, PCM, HGL, EGM. Herufi zile tatu ndizo zilizoamua utakuwa nani. Mtu wa HGL hawezi kuamka siku moja akasema anataka kuwa daktari, basi, mlango umefungwa akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Kenya nako ni alama na makundi ya masomo. Na tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, Mtanzania amejifunza pia kwamba kuna kozi zenye kipaumbele cha mkopo na kozi ambazo mzazi atajikaza mwenyewe. Katika mazingira kama hayo, mzazi anayesema "soma udaktari, soma uhandisi, soma uhasibu" si dikteta. Anasoma ramani aliyopewa, na kule ramani ile ilikuwa sahihi.

Shida ni kwamba tumekuja nayo Minnesota.

Huku shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120. Karibu theluthi moja ya hizo ni masomo ya jumla ambayo kila mtu anachukua: uandishi, hesabu, sayansi, historia, sanaa. Kwenye vyuo vya umma vya Minnesota mfuko huo wa masomo ya jumla ni krediti 40, umegawanywa katika maeneo kumi, na ukiukamilisha kwenye chuo kimoja cha umma unakubaliwa kwenye kingine. Mwanafunzi anaweza kuanza Normandale, pale Bloomington, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Minnesota bila kurudia yale 40. Kwa maneno mengine, mtoto anaruhusiwa kuanza chuo bila kujua atasomea nini. Nikiwaeleza wazazi wenzangu jambo hili wananitazama kama nimechanganyikiwa. "Atakuwa anasoma nini sasa?" Anasoma. Anaonja. Mfumo umejengwa hivyo kwa makusudi.

Lakini tusidanganyane, uhuru huo una mipaka, na watoto wetu wengi wanaumia kwa kutoijua.

Mpaka wa kwanza ni minyororo. Kuna fani ambazo kozi moja inafungua nyingine. Uhandisi ndio mfano mkubwa: kalkulasi ya kwanza, ya pili, fizikia, kisha ndipo unaanza masomo ya uhandisi wenyewe. Ukichelewa mwaka mmoja kuanza mnyororo, umechelewa mwaka mmoja kumaliza. Uuguzi una mnyororo wake, muziki vilevile. Kutoka uhandisi kwenda historia ni rahisi. Kutoka historia kwenda uhandisi ni kama kuanza upya. Kwa hiyo mtoto asiyejua anachotaka, lakini hesabu zinapanda, namshauri achukue kalkulasi na kemia mapema. Si kwa sababu hesabu ni bora kuliko historia (mke wangu ni mwanahistoria, na anasoma ninachoandika), ni kwa sababu mlango ule ndio mgumu kuurudia.

Mpaka wa pili ni fedha. Msaada wa serikali kuu uitwao Pell haurudishwi, lakini una kikomo: mihula 12 ya masomo kamili kwa maisha yote ya mwanafunzi. Minnesota nayo, tangu msimu wa mapukutiko wa 2024, ina mpango wa North Star Promise, unaolipia ada iliyobaki kwenye vyuo vya umma kwa wakazi ambao kipato cha familia kiko chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Ni neema kubwa, jamani, na kuna watu wetu mpaka leo hawajui kama ipo. Nao una kikomo cha krediti.

Mpaka wa tatu ndio uliomkamata kijana wangu. Ili uendelee kupata msaada lazima chuo kione unasonga mbele. Vyuo vingi hudai wastani wa alama 2.0 na kwamba umefaulu angalau asilimia 67 ya krediti zote ulizojiandikisha. Piga hesabu: mtoto aliyejiandikisha krediti 30 akafaulu 18 yuko kwenye asilimia 60. Ameshaanguka. Na kozi aliyoitoroka katikati ya muhula inahesabiwa kuwa alijiandikisha na hakufaulu. Kijana anadhani amejiokoa na alama mbaya kwa kuiacha kozi, kumbe anazidi kuzama upande wa pili. Wazazi hawaoni chochote, maana sheria za huku chuo hakimpigii simu baba wa mtu mzima wa miaka kumi na tisa. Barua inakwenda kwa kijana. Akinyamaza, mmenyamaza wote.

Sasa nije kwenye kuchagua kwenyewe. Nimewasikia wazee wetu wakisema fuata soko, na nimewasikia Wamarekani wakisema fuata moyo wako. Nimeona yote mawili yakiharibika. Soko ni kigeugeu: miaka ile kila mzazi alikuwa anasukuma kompyuta, kisha Novemba 2022 kampuni moja tu, Meta, ikatangaza kupunguza watu 11,000. Na moyo wa kijana wa miaka kumi na minane unajua vitu vichache alivyokwisha kuviona. Hawezi kupenda kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya.

Mimi ninachowauliza wanafunzi ni Jumanne. Usiniambie unataka kuwa nani, niambie mtu huyo Jumanne ya kawaida, kuanzia saa mbili asubuhi, anafanya nini. Anakaa au anasimama? Yuko na watu au yuko peke yake? Anagusa nini? Kinachomchosha ni nini? Mtu hasomi kozi maisha yake yote. Atasoma miaka minne, halafu atakuwa na Jumanne za miaka arobaini. Watoto wengi wanaotaka sheria wameona mawakili wa kwenye filamu wakinguruma mahakamani. Jumanne ya wakili wengi ni kusoma makaratasi. Jumanne ya mhadhiri, kama mnataka kujua, ni kusahihisha. Laiti mtu angeniambia.

Jumanne hiyo haipatikani kwenye kipeperushi cha chuo. Inabidi kwenda kuiona, na habari njema ni kwamba huku kuionja ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Chukulia huo uuguzi. Sheria ya serikali kuu inataka msaidizi wa muuguzi apate mafunzo ya angalau saa 75, na saa 16 kati ya hizo ziwe za vitendo. Saa 75! Ni wiki chache za likizo. Kijana anayedhani anataka uuguzi afanye mafunzo hayo, afanye kazi miezi mitatu, ageuze wagonjwa, asafishe, akae na mzee anayelia usiku. Akitoka pale anasema "mama, nataka kuendelea," mpe baraka zote. Akitoka pale amekonda kwa mawazo, mmeokoa miaka miwili na maelfu ya dola. Ajabu ni kwamba watoto wengi wa wauguzi wetu wanaingia njia ya uuguzi bila kuwahi kuvuka mlango wa mahali mama anapofanya kazi.

Kwa walio bado sekondari kuna njia nyingine iitwayo PSEO, ambayo Minnesota ilianza nayo mwaka 1985. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12, wa Eden Prairie High School na kwingineko, anaweza kusoma kozi za chuo, na jimbo linalipa ada na vitabu. Ni nafasi nzuri ya kuonja saikolojia, uhasibu, falsafa, kabla fedha ya familia haijaguswa. Ila tahadhari: alama hizo ni za chuo kweli, zinabaki kwenye kumbukumbu zake daima. Usimsukume mtoto achukue kozi nne ili umtambie jirani.

Na kuna kahawa. Wamarekani, hasa hawa wa Minnesota, ni wapole kwa jambo hili. Kijana akimwandikia mtu asiyemjua barua pepe ya heshima, akaomba dakika ishirini amwulize kuhusu kazi yake, mara nyingi atakubaliwa. Watoto wetu wanaona haya, maana tumewafundisha kutosumbua wakubwa. Hapo malezi yetu yanawapunja kidogo. Kabla ya kahawa yenyewe, asome kitabu cha Wizara ya Kazi kiitwacho Occupational Outlook Handbook, kiko bure kwenye intaneti, kinaeleza kila kazi inafanyikaje, inadai elimu gani na inalipa kiasi gani.

Mji wetu wenyewe ni darasa, tukifungua macho. Tunapita kila siku mbele ya majengo bila kuuliza mle ndani watu wanafanya nini. C.H. Robinson, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1905, ina makao yake makuu hapa, na kazi yake ni kupanga namna mizigo ya watu inavyosafiri duniani. Hawana haja ya kumiliki meli. Mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekulia kwenye mazungumzo ya kontena na bandari angeielewa kazi hiyo haraka. Starkey, watengenezaji wa vifaa vya kusaidia watu kusikia, wako hapa hapa. Kuna binti mmoja wa familia ninayoifahamu, anapenda lugha kupita kiasi, baba yake anataka afya. Wamevutana miaka miwili. Nikawaambia Chuo Kikuu cha Minnesota kina idara inayofundisha sayansi ya usemi, lugha na usikivu, na kwamba ukitaka kuwa mtaalamu wa usikivu unaendelea mpaka shahada ya udaktari ya fani hiyo. Baba aliposikia neno "udaktari" uso ukafunguka. Binti aliposikia "lugha" akafungua kompyuta. Sijui wataishia wapi, lakini walikuwa hawajui kwamba kazi hiyo ipo duniani.

Lazima nikiri jambo linalopingana kidogo na niliyosema. Mimi mwenyewe sikuchagua. Nilitaka jiografia, alama zikanipeleka kwenye kilimo, Morogoro, na mwaka wa kwanza niliuchukia wote. Mwaka wa pili tukapelekwa shambani, tukachimba shimo refu la kutazama tabaka za udongo, na yule mwalimu akaanza kuusoma ukuta wa shimo kama mtu anayesoma barua: hapa maji yalituama, hapa mizizi ilikata tamaa. Nikasimama mle shimoni mpaka gari likanipigia honi. Udongo ndio ulionileta Marekani kwa shahada ya uzamivu na ndio unaonilisha mpaka leo. Kwa hiyo raha ya kazi mara nyingine inakuja nyuma, baada ya mtu kuanza kuimudu. Mtoto akisema "siipendi" wiki ya tatu, mwambie asubiri. Lakini subira hiyo ina alama zake: mimi mwaka ule nilichukia, ila nilifaulu, na kila nikijifunza kitu kulikuwa na kitu kingine nilichotaka kujua. Anayechukia, anafeli, na haulizi hata swali moja, huyo simwambii asubiri.

Na kozi si hukumu. Mnamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, alitengeneza aiskrimu akagundua kuwa mchanganyiko wake wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Walimu na wenzake walimcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyekuja kutembelea shule, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo maabara za dunia bado zinabishana juu ya jambo lenye jina la Mtanzania. Wengi wetu tunadhani alikuwa mwanafizikia. Hapana. Alisomea wanyamapori, chuo cha Mweka, na kazi yake ilikuwa uhifadhi. Wangari Maathai naye alikwenda Kansas mwaka 1960, akasoma biolojia, akafika mpaka udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971, katika anatomia ya mifugo. Anatomia! Miti ilikuja baadaye, na biolojia ilikuwa inamngoja pale pale alipoihitaji.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimwuliza habari za Jumanne, akacheka, akasema Jumanne yeye yuko ghalani. Kumbe usiku alikuwa anavuka mto kwa barabara ya 169 kwenda Shakopee kubeba maboksi, kama tulivyobeba wote. Nikamwuliza mle ghalani anapenda nini, nikitegemea atasema mshahara. Akaanza kunieleza mikanda inayosafirisha mizigo. Mkanda ukikwama, wenzake wanafurahi kupumzika. Yeye anasogea kumtazama fundi. Alinichorea kwenye ile bahasha ya barua ya chuo, nyuma yake, namna kijicho cha mwanga kinavyojua boksi limefika na kuuambia mkanda usimame. Aliongea dakika kumi na tano bila kupumzika, yule yule aliyekuwa hana la kusema wakati anakunywa chai.

Sasa, Hennepin Technical College ina kampasi mbili, moja Brooklyn Park na nyingine hapa Eden Prairie, dakika chache kutoka kwangu. Wanafundisha mitambo inayojiendesha na roboti, ndiyo hiyo mikanda na vijicho vyake. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wageni. Yeye akatembezwa karakana, akachelewa kurudi.

Kazi iliyobaki si ndogo. Ameandika rufaa ya msaada wa fedha, maana vyuo vinaruhusu mwanafunzi kueleza kilichotokea na kuonyesha mpango wa kujirekebisha, lakini kozi zile mbili alizofeli hazifutiki. Na kuna mama yake. Baba alielewa, au amechoka kubishana. Mama ameniambia kwa simu, "Kaka, nimevuka bahari ili mwanangu awe fundi?" Nilitaka kumweleza tofauti ya fundi wa huku na fundi wa kule, mishahara, vyeti, nafasi ya kuendelea mpaka shahada. Nikaona maneno hayo yote anayajua. Anawaza atasema nini kwa dada zake Arusha. Amekubali jambo moja tu: kijana atamchukua siku moja waende wote karakana, akaone. Inabidi iwe Jumanne, ndiyo siku yake ya mapumziko.